Sura ya Sita: Pambo Liendalo Shambani

Mtu atakaye kulijua pambo lililo lake hasa, wala si la duka, wala la jirani, wala la harusi aliyoalikwa Jumamosi iliyopita, na ajitazame saa nne ya asubuhi siku ya kazi, jua limekwisha panda, jasho limeanza kutoka, hapana mgeni wa kumsifu wala mpiga picha wa kumwelekeza, kisha aone ni kitu gani kati ya vyote alivyo navyo kimebaki mwilini mwake bila ya kumsumbua. Hicho kilichobaki, kiwe pete moja ya fedha, au uzi wa shanga, au vipini viwili vidogo masikioni, ndicho pambo lake. Na vyote vilivyovuliwa na kutiwa mfukoni, au vilivyoachwa nyumbani ndani ya kopo, ni mali yake tu. Tofauti ya mali na pambo ndiyo mada ya sura hii, na kwa mada hiyo sikuona mahali pa kupatazama panapofaa zaidi ya Mtinko.

Mtinko ni kata ya Wilaya ya Singida, kaskazini mwa mji, kwenye njia ya Ilongero iendayo Haydom, katika nchi ya Wanyaturu: nchi ya majabali ya matale, ya upepo usiochoka, ya alizeti na mtama na uwele, ya vitunguu ambavyo Singida inasifika kwavyo, na ya kuku wa kienyeji wasafirishwao kwa matenga hadi Dar es Salaam. Pambo la mjini hupambana na macho ya watu. La hapa hupambana na mpini wa jembe, na majani ya vitunguu, na utambo wa ndoo, na vumbi, na mtoto aliye mgongoni ambaye huamini kwamba kila king'aacho kimewekwa pale kwa ajili yake. Lishindalo mitihani hiyo laweza kuvaliwa popote duniani.

Katika minada ya mifugo ya upande huu huja Wadatoga, hasa wale wa tawi la Barabaig kutoka pande za Hanang, na yeyote aliyepata kusimama karibu na mwanamke wa Kidatoga anayesubiri kupimiwa chumvi ameliona somo zima likiwa juu ya mkono mmoja. Bangili za shaba ya manjano zimepangana kutoka kifundo cha mkono kupanda kuelekea kiwiko, kila moja ikiwa fito nene iliyokunjwa duara lisilokutana, ikaachiwa pengo dogo la kupitishia mkono. Upande wa nje una mistari iliyochongwa kwa patasi, mishazari na iliyonyooka, walakini mistari hiyo si sawasawa: ile ya juu bado yashikika kwa ukucha, na ile ya chini, igusayo ubavu na kibuyu cha maziwa na mzigo wa kuni, imelika hata jicho huitafuta lisiione vizuri. Ncha mbili za pengo, ambazo mhunzi aliziacha na ukali kidogo, zimekuwa butu. Mahali bangili mbili zisuguanapo pamekuwa na mng'aro usiohitaji kusafishwa, na pembeni yake, pasipofikiwa na msuguano, shaba imefifia ikawa ya rangi ya udongo. Na ngozi iliyo chini ina kivuli cha kijani, ambacho ni kutu ya shaba iliyoamshwa na jasho, nacho hakimdhuru mvaaji wala hakimwaibishi.

Wazifuao bangili hizo ni watu wa ukoo wa wahunzi uitwao Gidang'odiga, na wale wakaao karibu na Ziwa Eyasi hujulikana kwa kuyeyusha makufuli mabovu na koki za maji zilizochakaa, katika moto wa makaa upulizwao kwa mivukuto ya ngozi ya mbuzi. Humimina, hufua, huchonga, huuza. Mhunzi huyo huyo hufua misumari ikawa vigumba vya mishale, akabadilishana na Wahadzabe kwa asali. Ni ajabu ya wanadamu kwamba kwa desturi ya kale koo nyingine za Wadatoga ziliona haya kuoana na wahunzi, ilhali hapana bibi arusi wa koo hizo aliyekubali kwenda kwa mume mikono mitupu bila ya kazi ya vidole vyao. Lakini hayo ni ya kwao. Lituhusulo sisi ni kwamba mwanamke yule hakufundishwa na gazeti lolote, naye amefikia jambo ambalo wengi wenye masanduku yaliyojaa hawalifikii: ana madini ya aina moja, mahali pamoja pa mwili, kitu kimoja kilichorudiwa mara nyingi, na hakivui. Mtu akimwona kwa mbali, kabla ya kuutambua uso wake, huutambua mkono.

Shaba haikufika nchi hizi jana. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora ilivuka pori kavu lililo kusini mwa nchi ya Wanyaturu, likiitwa Mgunda Mkali, ikiwa imebeba vitu vitatu vilivyokuwa fedha ya bara: nguo, shanga, na masango ya shaba. Kwa masango mafundi wa bara walikunja vitindi vya mikono, na kwa waya uliovutwa ukawa mwembamba walisokota udodi wa kuvaa miguuni. Richard Burton, aliyepita njia hiyo mwaka 1857, aliandika kwa kirefu juu ya shanga, kwa sababu msafiri asiyezijua alikuwa hatarini: samesame nyekundu iliyogombewa katika nchi moja yaweza kukataliwa katika nchi ya pili, na mwenye mzigo wa rangi isiyotakiwa alikwama njiani akiwa tajiri. Kwa hiyo, wale wasemao kwamba watu wa kale walipokea kila king'aacho kilicholetwa na mgeni hawasemi kweli. Mafundi wa vioo wa Venice, waliokuwa hawajapata kuiona Unyamwezi wala hawakutarajia kuiona, walilazimika kufuata matakwa ya wanawake wa bara, na mfanyabiashara aliyewapuuza wanawake hao alirudi na shanga zake.

Pwani, mambo yalikuwa mengine, kwani huko fedha ndiyo iliyotawala. Reale ya Maria Theresa, iliyoandikwa tarehe ya 1780 hata katika zile zilizotengenezwa miaka mia baadaye, ilikuwa na uzito wa gramu 28 hivi, na fedha halisi sehemu 833 katika kila 1,000, na masonara wa Oman na Unguja na Lamu waliiyeyusha wakaifanya kekee, na mitali, na furungu, na vidani. Hayo yalikuwa mapambo na akiba kwa pamoja, na uzito wake ulimtangaza mvaaji kwamba hafui nguo za watu. Sheria ilipouondoa utumwa Unguja mwaka 1897, wanawake waliokuwa wamekatazwa kujisitiri na kujipamba wapendavyo waliikimbilia kanga na ushungi na mapambo kwa haraka inayoeleweka, wakavaa kila siku vile ambavyo zamani waliviona kwa mabibi zao siku za sikukuu. Atakayeona kwamba pambo ni upuuzi wa wanawake na awatafakari hao.

Na dhahabu? Dhahabu Singida ilikuwa nayo chini ya miguu. Mgodi wa Sekenke, upande wa Iramba, ulifunguliwa katika enzi ya Wajerumani, na Vita Kuu ya Kwanza ilipowafungia njia ya bahari, dhahabu yake ilipelekwa Tabora, katika karakana ya reli, ikapigwa mwaka 1916 kuwa sarafu ya rupia 15, yenye tembo upande mmoja na tai upande wa pili, ambayo leo hutafutwa na wakusanyaji wa sarafu wa dunia nzima. Mwaka 2023 mgodi mpya wa Wilaya ya Ikungi nao ulitoa dhahabu yake ya kwanza. Dhahabu, basi, tangu zamani hizo imekuwa ikitoka Singida kwenda kwingine, na shaba imekuwa ikitoka kwingine kuja Singida na kukaa. Na mimi, nikitakiwa kuchagua ipi kati ya hizo mbili ni pambo la nchi hii, nitaichagua ile iliyokaa, bila ya kuona haya na bila ya kumzuia mwenye uwezo asinunue ile nyingine.

Sasa tuje mwilini, na tuanze na mkono, kwa sababu ndio utamaniwao zaidi na ndio ufaao kidogo zaidi. Pete katika mkono ushikao jembe huibana ngozi kati ya chuma na mti, na kabla ya adhuhuri hutoa lengelenge ambalo glovu haiwezi kulizuia, sembuse kitambaa. Kidole chenyewe huvimba kwa joto na kazi, na pete iliyoingia kwa raha asubuhi hukataa kutoka jioni. Baya zaidi ni pete na gari: mtu arukapo kutoka juu ya lori la mnada, mkono wake ukiwa umeshika bomba la ubavuni, pete ikanasa penye msumari au ukingo wa bati, mwili hushuka na kidole hubaki, na matabibu wa nchi zote wanaijua ajali hiyo na hawapendi kuihadithia. Basi atakaye pete ya kila siku na achague iliyo bapa, nyembamba, iliyosuguliwa mviringo upande wa ndani, isiyo na jiwe lililoinuka, na aivae katika mkono usioshika mpini kwa nguvu. Wapo wafungao pete ya ndoa kwa uzi shingoni msimu wa kulima, nami sijapata kusikia padri, mchungaji wala shehe aliyewalaumu.

Bangili zina kero ya namna nyingine, nayo ni sauti. Mwalimu aandikaye ubaoni akiwa na bangili tano huwafundisha wanafunzi wake kusikiliza bangili. Mwenye duka, kila akinyoosha mkono kupokea fedha, huigonga meza yake. Na fundi cherehani huzivua mwenyewe bila ya kuambiwa, kwa sababu zinakwaruza kitambaa. Muuguzi ndiye asiye na hiari kabisa, awe wa hospitali kubwa ya mjini au wa hospitali ya Mtakatifu Carolus iliyo hapa hapa Mtinko, kwani mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 juu ya usafi wa mikono unashauri kwa mkazo kutovaa pete na mapambo ya mikononi wakati wa kumhudumia mgonjwa, kwa sababu viini vya maradhi hukaa chini yake, mahali sabuni isipofika. Mtu wa kazi hizo akitaka bangili, na avae moja tu, iliyobana kiasi cha kutocheza, na wakati wa kazi aivue. Kisha akiona kuvua na kuvaa kunamchosha, ajue kwamba mkono wake si mahali pa pambo lake, ahamie kwingine.

Kwingine huko ni sikioni. Sikio halilimi, halifui, halikami ng'ombe. Liko karibu na uso, ambao ndio watu huutazama wanaposema nasi. Na pambo dogo mno, lisiloonekana kabisa likiwa mkononi, hapo huonekana. Mashariti yake ni machache. Mwenye kuvaa ushungi au mtandio huhitaji kipini chenye kichwa laini, kisicho na makucha ya kushikilia jiwe, kwani makucha hayo huuvuta uzi wa kitambaa hata mtandio mpya ukaonekana umetafunwa. Mwenye mtoto mgongoni huhitaji kitu kisichoning'inia, maana mkono wa mtoto wa miezi saba una nguvu kuliko idhaniwavyo, na ndewe iliyochanika haijiungi yenyewe. Vipuli vizito viwekwe kwa saa chache za sherehe, kwani uzito wa kila siku huirefusha ndewe taratibu, na si wote wapendao sura hiyo, ingawa Wagogo, jirani zetu wa kusini, walikuwa wakiitanua ndewe kwa makusudi na kuihesabu kuwa uzuri. Kwa wingi wa wanawake wa kijiji, na kwa wingi wa wasichana wa ofisini pia, mimi ningetoa hukumu moja bila ya kusita: fedha ya pambo la kwanza itumike masikioni, na iwe njema kadiri mtu awezavyo, kwa sababu hapo ndipo itakapoonekana kila siku na kuharibika kwa uchache.

Shingoni hapana mengi ya kusema. Mkufu mfupi ukaao juu ya mfupa wa shingo huingia ndani ya nguo mtu ainamapo, na ule mrefu hutangulia kufika katika kila kitu, katika mtaro, katika beseni la unga, na katika mikono ya mtoto. Uzi wa shanga unafaa, na uzi wenyewe na uwe wa kukatika ukivutwa kwa nguvu, kwa kuwa shanga huokotwa na shingo haiokotwi. Kanga na kitenge, hata hivyo, zina maneno na maua yake, zikikutana na shanga za rangi saba hugombana. Nguo ya namna hiyo hutaka madini matupu, na shanga za rangi hupendeza juu ya nguo ya rangi moja, ikiwa ni pamoja na sare za kazini, ambazo hazina lolote la kusema mpaka mtu azisaidie.

Miguuni kuna kikuku, nacho kina kesi. Katika miji yetu pana watu wanaodai kumjua mwanamke na maisha yake yote kwa kuangalia kifundo cha mguu wake, tena ni mguu upi, na wamesahau kwamba bibi zao wa pwani walivaa mitali na furungu miguu yote miwili wakahesabiwa kuwa waungwana, na kwamba watoto wa bara walifungwa njuga miguuni mama zao wapate kuwasikia waliko. Atakaye kukivaa na akivae, akijua kwamba kijijini uvumi hutembea haraka kuliko pikipiki. Na asiyetaka kujibu maswali na asijibu, aache.

Yasalia madini, na hapo ndipo ulaghai ulipo. Mchuuzi wa mnadani hutandaza turubai chini, akapanga juu yake vipande vya kadibodi vilivyotundikwa mikufu ya rangi ya dhahabu, na pete zilizochomekwa katika sponji, na hereni mbili mbili juu ya karatasi. Na mazungumzo yake na mteja mtu mzima huenda hivi:

"Shangazi, cheni hii haichuji, hata ukioga nayo."

"Mwanangu, na ile ya mwaka jana ulisema haichuji. Siku ya tatu shingo yangu ikawa nyeusi."

"Ile ilikuwa ya mzigo mwingine, shangazi. Hii ni stili."

Shangazi huichukua, akaisugua kwa nguvu katika kiganja kilichotoka jasho, akakinusa kiganja, kisha huirudisha juu ya kadibodi bila ya neno, au hufungua pindo la kanga akatoa fedha. Kipimo hicho kina akili ndani yake. Shaba, na kila kilicho na shaba ndani, huacha harufu kali katika ngozi yenye jasho; stili isiyoshika kutu haiachi harufu ya kutajika. Hakitoshi, maana utando mzito wa dhahabu juu ya shaba utaizuia harufu kwa muda, lakini utando wa mapambo ya bei ndogo aghalabu haufiki sehemu moja ya elfu ya milimita, nao huondoka kwanza pale panaposuguana, yaani nyuma ya shingo na upande wa ndani wa pete, ambapo mteja hatazami wakati wa kununua. Mwenye kununua na atazame hapo hapo.

Madini yaliyofichwa chini ya utando huo aghalabu huwa shaba, na mara nyingi huwa na nikeli. Shaba itamtia mtu rangi ya kijani, basi. Nikeli, kwa mwenye mwili usiopatana nayo, humtia mwasho, vipele na majimaji, hasa penye tundu la sikio, na mwili ukiisha kuichukia hauisamehi tena maishani. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliweka sheria mwaka 1994 kupunguza nikeli katika vitu viguswavyo na ngozi, kwa sababu watu waliokuwa wakiugua walikuwa wengi mno. Kwetu mteja hujilinda mwenyewe: sikio lililotogwa karibuni litiwe fedha, au dhahabu, au stili nzuri, ambayo ingawa ina nikeli ndani yake huishika isitoke kwa urahisi, na kitu cha kadibodi kisiingizwe katika kidonda kibichi kwa hali yoyote.

Dhahabu na fedha husomwa kwa tarakimu zilizopigwa ndani: 375 ni dhahabu ya karati 9, 750 ni ya karati 18, 916 ni ya karati 22, na 925 ni fedha. Tarakimu, hata hivyo, hupigwa kwa nyundo na mtu yeyote mwenye nyundo, kwa hiyo kitu cha thamani kinunuliwe kwa sonara mwenye duka lisilohama, aliye na jiwe la kujaribia na tindikali yake, tena mbele ya macho ya mnunuzi. Kwa kazi za mikono karati 18 au 9 hustahimili zaidi ya 22, ambayo kwa usafi wake ni laini, hukwaruzika na kupinda. Na hili huwashangaza wazee, waliozoea kwamba kilicho safi zaidi ndicho bora kwa kila jambo.

Fedha nayo ina adui wawili katika nchi hii, na wote wawili ndio watupatiao chakula. Vitunguu na mayai yana kiberiti, na kiberiti huifanya fedha kuwa nyeusi; mwanamke achambuaye vitunguu tangu asubuhi akiwa na pete ya fedha, jioni ataikuta imefifia, na yule achemshaye mayai ya kuuza stendi atapata habari hiyo mapema zaidi. Si uharibifu. Kitambaa laini na sabuni ya kawaida huirudisha, na majivu yasitumike, kwa kuwa yana chembe za mchanga zinazokwaruza. Shaba husafishwa kwa ndimu na chumvi, kisha huoshwa vizuri na kukaushwa, ingawa mwanamke wa Kidatoga tuliyemwona hasafishi kitu, na mkono wake hauna dosari.

Mawe nayo yana sheria, na watu wa Singida wanahusika nayo kwa namna ya pekee. Tanzanaiti, iliyogunduliwa Mererani mwaka 1967, ndiyo fahari ya nchi, na kila binti asomaye hutamani pete yake. Lakini ugumu wake katika kipimo cha wataalamu, kiishiacho 10 kwa almasi, ni 6 na nusu hivi, na vumbi la nchi hii, lililosagika kutoka katika matale, limejaa chembe za kwatzi zenye ugumu wa 7. Maana yake ni kwamba kila mara mtu afutapo vumbi la Mtinko juu ya tanzanaiti kwa kitambaa kikavu, vumbi ndilo likatalo na jiwe ndilo likatwalo, na baada ya miaka michache uso wake hupoteza uangavu. Jiwe hilo livaliwe sikioni au shingoni, lioshwe kwa maji kabla ya kupanguswa, na kidole kiachiwe yakuti au johari ya samawati, ambazo ugumu wake ni 9, au kisiachiwe jiwe lolote.

Kuhusu bangili za shaba nyekundu ziuzwazo kuwa dawa ya baridi yabisi, watafiti wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, walizijaribu kwa wagonjwa na kutangaza mwaka 2013 kwamba haziponyi zaidi ya bangili ya kuigiza. Zivaliwe kwa uzuri wake, basi, maana uzuri zinao.

Wanaume nimewaacha nyuma kwa sababu habari yao ni fupi. Mwislamu ameharimishiwa dhahabu na ameruhusiwa pete ya fedha, na wengi wamepata humo uzuri usiohitaji nyongeza: fedha nzito kidogo, yenye akiki, katika kidole cha mwisho. Mkristo naye ana pete ya ndoa, na pengine rozari, ambayo ni chombo cha ibada kwanza. Saa ya mkononi inawatosha waliobaki, maadamu inakwenda.

Kwa njia gani mtu atalifikia pambo lake? Shauri langu ni la polepole, na wauzaji hawatalipenda. Achukue kitu kimoja tu, akivae tangu mbegu zinapotiwa ardhini hadi mavuno, akilala nacho, akioga nacho, akienda nacho kisimani na msibani na kanisani au msikitini. Asiongeze cha pili mpaka cha kwanza kimesahaulika mwilini, hata kikivuliwa anakitafuta kwa vidole bila ya kujua. Kikishindwa, kikanasa au kuwasha au kulia kila akijongea, akiondoe bila ya huruma, hata kama alipewa na mtu ampendaye, akakitunza kama zawadi inavyotunzwa. Cha pili kikija kiwe cha madini yale yale, au kitokane na cha kwanza kwa umbo. Baada ya misimu mitatu au minne atakuwa na vitu viwili vitatu, na wanaomjua watakuwa wamekwisha kumtambua navyo. Na akirithi bangili ya bibi yake isiyoambatana navyo, asijilazimishe: amwendee sonara aipunguze au aiunge upya, kwa kuwa bibi mwenyewe, kama alikuwa mtu wa mkoa huu, aliipata kwa kuyeyusha kitu kingine.

Yaliyobaki, ya harusi na ya Idi na ya Krismasi, yawekwe pakavu, kila moja katika kitambaa chake, mbali na chumvi na mbali na kapu la vitunguu. Akija ndugu kuazima, aazimwe kwa siku zilizotajwa, mbele ya mtu wa tatu. Na kipuli kimoja kikirudi bila ya mwenzake, mwenye mali asikubali kuambiwa kwamba vilikuwa hivyo hivyo tangu mwanzo.